Kumbe Zimeandikwa

Mwanangu Mwanakombo alizijua barabara za Ngamiani kwa pua.
Ya nane, kahawa inayokaangwa. Ya tisa,
mashine ya kusaga, vumbi la mahindi kooni.
Ya kumi ilikuwa na beberu wa akina Singano,
na beberu yule alipochinjwa Idi ya Mfunguo Tatu
mtoto alipitiliza mpaka ya kumi na nne,
akasimama mlangoni kwa watu, akaita, "Baba."

Nilicheka siku ile. Nakiri, nilicheka.
Nilikuwa na tairi mkononi, na wateja.

Shuleni waliandika: mvivu.
Waliandika: anachungulia daftari la mwenzake.
Ndiyo, alichungulia. Ubao kwake ulikuwa giza
lililomwagikiwa unga,
na daftari la Zuhura lilikuwa karibu.

Hospitali, yule dada wa macho alimkalisha,
akamsogezea herufi, akazirudisha nyuma, akazisogeza tena.
Uoni hafifu, akasema. Si upofu.
Akalirudia neno kama mtu anayekaza nati:
si upofu, baba, unanisikia? Ila miwani peke yake haitamfaa.
Akavuta droo. Akatoa kioo cha duara chenye mpini,
cha kusomea, kilalie karibu na ukurasa;
na kidarubini kifupi kama gumba langu,
cha kuonea mbali kwa jicho moja, la kulia,
hilo ndilo lenye akiba.

Njiani alinisimamisha kila kona.
Akakiinua, akafumba jicho la pili, akakizungusha polepole,
vile mimi ninavyonyoosha ringi iliyopinda.
"Baba, pale pana kibao."
Ndiyo, mama.
"Kimeandikwa kumi na moja."
Ndiyo.
"Kumbe zimeandikwa!"

Miaka tisa alidhani watu wote tunanusa.

Nikakata tyubu kuukuu, nikamshonea mkoba,
nikapigilia msumari wa kuutundika, usawa wa bega lake.
Mwezi haukuisha.
Wenzake walimwita nahodha, wakamwita jicho la kuku;
mmoja alitaka lenzi akachomee sisimizi juani.
Mkoba ukawa mwepesi.
Nikiuliza, mwalimu amevitunza. Nikiuliza tena, usingizi.
Nikavikuta mwenyewe kwenye kopo langu la viraka,
chini ya msasa, vyote viwili,
vimeviringishwa ndani ya soksi ya shule.
Nikafunika kopo.

Alhamisi ikaja tyubu inayovuja kimyakimya,
ile ya kujaza asubuhi, jioni umekalia ringi.
Niliizamisha kwenye beseni. Halikutoka hata povu moja.
Na macho yangu nayo yamefika arobaini na sita,
yameanza kudai.
"Mwanakombo, niazime kioo chako."
Kimya.
"Kipo kwenye kopo."
"Najua kilipo. Nataka mwenyewe aniazime."

Alikitoa kwenye soksi. Hakunipa.
Aliichukua tyubu, akaisogeza chini ya lenzi kidogo kidogo,
pua yake karibu iguse mpira, ulimi nje,
na mwenye baiskeli amesimama anatazama, nami sikumfukuza.
"Hapa. Ncha ya mkonge. Imekatikia ndani."
Nikaleta koleo.

Kisha akanisogelea na kioo chake usoni.
"Una kovu kwenye nyusi."
"Nilianguka, hujazaliwa."
"Na mvi. Moja, mbili... Baba, ni nyingi!"
Akaendelea kunisoma, mstari kwa mstari,
na mimi, mtu nisiyetulia, nikatulia.

Wanamcheka bado, wawili watatu.
Lenzi imeingia mkwaruzo, na sijui nitapata wapi nyingine.
Lakini Ijumaa, nilipofungua kibanda,
kopo lilikuwa na viraka tu,
na ule msumari ulikuwa mtupu.